Hongera ya Mguu Uliovunjika

Waliokuwapo Jumamosi ile saa tatu asubuhi, nje ya dirisha la fundi saa, ni hawa wafuatao. Dakika, fundi saa mwenyewe, ambaye chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho karakana yake. Risiti, karani mstaafu wa bohari, aliyepewa jina hilo kwa kuwa haamini neno lolote lisilo na karatasi. Motisha, wakala wa bima, mhudhuriaji wa kila semina yenye chai ya bure. Sindano, muuguzi wa zahanati ya jirani, aliyekuwa akisubiri zamu yake ya saa tano. Na mimi mwalimu, niliyekuja na insha arobaini na mbili za kusahihisha na sikusahihisha hata moja.

Aliyekosekana ni mke wa Dakika, ambaye kwa kawaida hutokeza kichwa dirishani kutuambia tupunguze sauti. Alikuwa kwa mama yake, aliyeteleza bafuni na kuvunjika mguu. Hiyo ilikuwa siku ya kumi na mbili.

Risiti alikunjua gazeti, akalipiga kofi kulinyoosha, akakohoa kama shahidi mahakamani.

“Sikilizeni maajabu. ‘Ofisi ya maji imefungwa kwa siku tatu ili watumishi wote wahudhurie semina ya mbinu za kuwahudumia wananchi bila kuwachelewesha.’”

“Rudia hapo,” akasema Sindano.

“Sirudii. Nikirudia mshipa utanipasuka kichwani, na wewe zamu yako haijaanza. Mimi mwenyewe nimekwenda pale jana, bomba langu limepasuka, sebule yangu imekuwa bwawa. Nimekuta karatasi mlangoni: ‘Tuko semina ya kuharakisha huduma. Tafadhali subiri.’”

“Lakini mzee wangu, fikiria wakirudi,” akasema Motisha, macho yakimng’aa. “Watakuwa moto!”

“Watakuwa moto, na mimi nitakuwa nimeshakuwa kambare.”

“Hayo ndiyo mawazo hasi sasa. Semina zinabadilisha watu. Mimi hapa nimebadilika.”

Sindano akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani, kwa utaratibu wa mtu anayetafuta mahali pa kuchoma sindano.

“Umebadilika wapi, mdogo wangu? Tuonyeshe tupatambue.”

“Kila siku naamka saa kumi na moja. Naoga maji baridi. Kisha nasimama mbele ya kioo nasema mara kumi kwa sauti: Mimi ni simba!”

“Alaa! Kumbe ni wewe,” akasema Risiti. “Jirani yako alikuwa analalamika anaishi na mgonjwa. Na simba ameuza bima ngapi mwezi huu?”

“Bado natengeneza msingi.”

“Msingi wa mwaka wa pili huu. Ghorofa ngapi hiyo unajenga?”

“Wee mzee, usimwonee,” akasema Sindano. “Ushauri mwingine unasaidia. Mimi nilikuwa nachelewa kazini kila wiki natafuta funguo. Chini ya mto, ndani ya viatu, kwenye sufuria. Nikasoma mahali: kila kitu kiwe na makazi yake. Nikapiga msumari pembeni ya mlango, nikatundika funguo. Sijachelewa tena.”

“Huo si ushauri. Huo ni msumari.”

“Msumari umetoka kwenye ushauri!”

“Umetoka dukani. Risiti unayo?”

Tukacheka wote isipokuwa mmoja. Dakika alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kidude chake cha kukuzia bado kimebanwa jichoni, mikono haina saa wala bisibisi. Alikuwa akitazama mtaa kwa jicho moja kubwa. Mtu huyu kwa desturi hawezi kusikia neno “kuchelewa” bila kutuhutubia.

“Dakika,” nikamwambia, “umetuacha peke yetu leo.”

Akakitoa kidude jichoni, akakifuta kwa ncha ya shati.

“Nimeitwa ukweni. Saa nane mchana. Mjomba wa mke wangu atakuwepo.”

Kicheko kikakatika. Mjomba wa mke haitwi kwa ajili ya kunywa maji. Sindano akasogea karibu.

“Kumetokea nini, shemeji?”

“Mke wangu hapokei simu yangu siku ya tisa leo. Amemwambia mjomba kwamba nikienda na somo jingine la kitabu, anabaki kwao. Moja kwa moja.”

“Kitabu gani?” akauliza Risiti, mkono umeshanyooshwa kukidai kielelezo.

Dakika akaingia ndani, akatoka na kijitabu chembamba chenye picha ya mdomo unaotabasamu. Jina lake, Siku Thelathini za Mdomo Mpya. Motisha ghafla akaona kuna jambo la maana sana kwenye kucha zake.

“Kakupa nani hiki?” Risiti akauliza.

“Simba,” akajibu Dakika.

“Ni kitabu kizuri!” Motisha akasema. “Kimesaidia watu wengi sana!”

“Majina yao na namba zao za simu, tafadhali.”

Sindano alikinyakua kitabu, akafungua palipowekwa alama. Dakika ni mtu wa kufuata maelekezo. Akisoma kwamba skrubu izungushwe robo, hazungushi theluthi. Pembeni ya kila somo alikuwa ameandika tarehe na saa aliyoanza kulitekeleza.

“‘Siku ya saba,’” akasoma Sindano. “‘Ondoa neno pole katika kinywa chako. Kila unaposema pole unakiri kosa ambalo hukulifanya. Unajishusha. Watu wenye mafanikio hawasemi pole. Badala yake, tafuta upande mzuri wa kila hali na umpongeze mwenzako.’”

Akakifunga polepole, kidole kikiwa bado ndani.

“Dakika. Niambie hukufanya hivyo.”

“Nilifanya. Nilianza asubuhi ile ile, saa moja na robo.”

“Ulianza na nani?”

“Na mbeba magunia. Nilimwambia, hongera na mzigo.”

“Akasemaje?”

“Akanitazama, akasema kama naupenda sana nimpokee. Nikaona somo linafanya kazi, ameongea na mimi kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mchana akaja mteja, saa yake imeangukia chooni. Nikampa hongera.”

“Hongera ya nini, ndugu yangu?” Risiti akauliza, gazeti limemtoka mikononi.

“Kwamba hakuangukia yeye.”

Risiti akajiinamia, mabega yakitikisika. Motisha akatikisa kichwa kwa kuridhika. “Upande mzuri huo. Sahihi kabisa.”

“Halafu jioni,” Dakika akaendelea, “ikaja simu kwamba mama mkwe ameteleza.”

“Usiniambie,” akasema Sindano.

“Nikapanda gari, nikafika. Nyumba imejaa, watu wamekaa mpaka uani. Kila anayeingia anasema pole mama, pole sana, pole jamani. Nikaingia mimi. Nikainama kwa adabu kama mkwe anavyotakiwa. Nikasema...” Akakitazama kitabu. “Nikasema, hongera mama, mguu umepata mapumziko.”

Kuna kimya cha watu wanaofikiri, na kuna kimya cha watu wanaozuia kicheko mbele ya msiba. Chetu kilikuwa cha pili, na hakikudumu. Risiti alilazimika kuushika ukuta.

“Umepata mapumziko! Kama mtumishi wa serikali! Ukaupa na barua ya likizo?”

“Mjomba akasimama, akatoka nje. Mke wangu akasema nimechoka na safari, nisamehewe. Hakuninunia siku hiyo. Shida imekuja siku ya tatu. Alinipigia, akasema mgongo unamuuma, mama ni mzito, anamnyanyua kutoka kitandani, anampeleka chooni, anamrudisha, usiku na mchana. Nikamwambia...”

“Hapana,” akasema Sindano.

“Nikamwambia hongera, unajenga misuli.”

Hapo hakucheka mtu. Hata Motisha alijikuna shingo. Sindano aliniwekea kitabu mapajani kana kwamba ni daftari la mwanafunzi aliyefeli.

“Mwalimu, wewe ndiye mwenye lugha hapa. Mwambie huyu.”

Nilikifungua ukurasa wa mwanzo. Kwa maandishi madogo kuliko ya dawa za kikohozi paliandikwa kwamba kitabu kimetafsiriwa. Nikawaeleza kwa utaratibu, kama ninavyoeleza darasani, kwamba huko kilikotoka bila shaka wana neno moja tu: ukimkanyaga mtu mguu unalitumia, na ukimkuta amevunjika mguu unalitumia hilo hilo. Mwandishi aliwaonya watu wake waache kuomba radhi ovyo. Mfasiri akatakiwa achague, samahani au pole. Akachagua fupi.

“Kwa hiyo,” akasema Dakika, “pole si kukiri kosa?”

“Pole ni kumwambia mtu kwamba umemwona. Kosa halimo.”

“Mimi nimenyimwa mke kwa sababu ya mfasiri?”

“Kwa herufi nne,” nikasema.

“Tumshitaki!” akasema Risiti. “Kitabu hiki ni kielelezo. Tumuulize na Simba alikipata wapi.”

“Niliuziwa kwenye semina,” Motisha akasema kwa sauti ndogo isiyofanana na mnyama yeyote mkubwa. “Lakini jamani, tatizo ni tafsiri, si wazo. Kina somo la ishirini na mbili, kumaliza ugomvi wa kifamilia. Unamshika mwenzako mikono, unamtazama machoni sekunde tisini bila kusema...”

“Mjomba?” akauliza Sindano. “Amshike mjomba mikono sekunde tisini?”

“Sabini, kwa wazee.”

“Kaa chini, Motisha.”

Alikuwa amesimama bila kujua. Akakaa.

Ikaonekana afadhali Dakika afanye mazoezi. Sindano alijitolea kuwa mama mkwe: akakaa kwenye kiti cha karakana, mguu mmoja ameunyoosha juu ya ndoo. Risiti akawa mjomba, na kwa kweli hakuhitaji kuigiza, kwa kuwa uso alikuwa nao tayari.

“Ingia,” akaamuru Risiti.

Dakika akabisha hodi hewani, akainama.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, baba.”

“Mama, ho...”

“Aha!” akafoka mjomba.

“Po... mama, hong... Samahani, naanza tena.” Akatoka, akaingia. “Shikamoo mama. Hongera... hapana! Jamani, mdomo umezoea. Siku kumi na mbili nimesema hongera. Kitabu kinasema siku kumi ndizo zinazojenga tabia.”

“Basi hapo hakijadanganya,” akasema Risiti. “Andikeni. Jambo la kwanza la kweli.”

Akajaribu mara ya tatu. Jasho lilimtoka. Neno ambalo mtoto wa miaka miwili humwambia paka aliyekanyagwa mkia, fundi mzima alilitafuta kama anatafuta springi ya saa iliyorukia uvunguni. Hapo ndipo simu yake ilipolia. Akaitazama, akasimama wima.

“Ni namba ya mama mkwe.”

“Pokea!” tukasema wote.

“Weka sauti kubwa,” akaongeza Risiti, mtu wa ushahidi.

“Shikamoo mama,” akasema Dakika, akiinamia simu kana kwamba inamwona.

“Marahaba, baba. Uko kazini?” Sauti ilikuwa nzima, ya mtu aliyevunjika mguu peke yake na si kitu kingine. “Nakupigia kabla mjomba wenu hajafika, maana akifika hapa anaongea yeye tu. Nisikilize. Mimi sina neno nawe.”

“Mama, siku ile nilikosea, nilitaka kusema...”

“Ulisema hongera. Nimesikia, masikio hayakuvunjika. Baba, unajua nimepewa pole ngapi hapa? Jana peke yake ni ishirini na sita. Kila pole inakaa saa mbili, inataka chai, na inanisimulia mtu wake aliyevunjika mguu akafa. Wewe ulisema lako, ukakaa dakika nane, ukaondoka. Nilicheka usiku kucha. Ndiyo dawa pekee niliyopata bila kipimo.”

Motisha akarusha mikono juu, mdomo wazi, bila sauti. Sindano akamshusha mikono.

“Ahsante, mama,” akasema Dakika.

“Ngoja, usishukuru bado. Mguu ni wangu, lakini mgongo ni wa binti yangu. Siku kumi na mbili ananibeba. Mimi si unyoya, baba. Jana usiku alikaa kitandani pangu kunigeuza, akasinzia ameniegemea, ikabidi mimi mgonjwa nisijitikise nisimwamshe. Huyo ndiye mwenye neno nawe. Umekuja hapa mara ngapi?”

“Mara moja, mama. Lakini nilikuwa napiga simu kila siku, saa mbili kamili.”

“Kamili kabisa,” akasema mama mkwe. “Hata sekunde hukukosea. Haya, baba. Saa nane.” Simu ikakatika.

Motisha ndiye wa kwanza kupona.

“Mmeona? Mmeona? Kitabu kimefanya kazi! Mama amecheka! Amesema dawa!”

“Kimefanya kazi kwa mtu asiyekusudiwa,” akasema Risiti. “Hata mshale uliopotea unampata mtu.”

“Kumpata ni kumpata!”

“Basi mpe hongera mfasiri.”

“Nyamazeni nyote wawili,” akasema Sindano. Alikuwa ameshaushusha mguu wake kutoka kwenye ndoo. “Swali sasa ni mke. Shemeji, ukimwona mkeo, neno la kwanza ni pole. Pole na kazi, pole na mgongo, pole na mimi.”

“Samahani itangulie,” nikasema mimi. “Hapa kosa lipo. Huwezi kumpa pole mtu kwa mzigo uliomwachia wewe mwenyewe.”

“Mwalimu, samahani ni kavu.”

“Ni sahihi.”

“Sahihi na kavu! Mwanamke ana siku kumi na mbili hajalala, unampelekea sarufi?”

“Ahsante ndiyo ianze,” Motisha akasema. “Shukrani inafungua moyo. Somo la tatu.”

“Wewe ukitaja tena somo,” Risiti akamjibu, “nakupeleka ofisi ya maji ukalikamilishe. Dakika, usiseme kitu. Peleka kanga mbili zenye maandishi, zisemee zenyewe.”

“Maandishi gani?”

“Uchague vizuri tu.”

“Huyu achague maandishi?” Sindano akashika kichwa. “Atarudi na ‘Hongera kwa misuli’ imechapwa pindoni!”

Tukabishana. Naungama kwamba nilibishana kuliko wote. Nilifika mahali pa kuchora jedwali kwenye jalada la insha ya mtu, pole upande huu, samahani upande ule. Sindano alinipokonya kalamu akafuta. Risiti alidai tupige kura. Motisha alidai turudi kwenye utulivu, tuvute pumzi kwa hesabu ya nne, na akaanza kuvuta peke yake.

Kati ya pumzi yake ya pili na ya tatu, tukasikia kishindo cha mbao ndani.

Dakika hakuwa nasi. Dirishani tulimwona akiteremsha saa za ukutani moja moja, akizilaza kwenye sanduku juu ya matambara. Ukuta uliokuwa na saa kumi na tisa ulibaki na misumari na miduara ya rangi safi. Kisha akaisukuma meza ya kazi, ile nzito ambayo tangu nimjue haijasogezwa hata kwa kufagia, mpaka ukumbini. Akafungua mlango wa mbele nusu zote mbili, akapima upana wake kwa rula ya chuma, akapima tena.

“Anahama?” akanong’ona Motisha.

Akatoka, mikono imejaa vumbi.

“Sindano. Kile kiti cha magurudumu pale zahanati, bado mnawekea mafaili?”

“Bado. Miaka mitatu sasa.”

“Mafaili yanaweza kukaa chini?”

Sindano akachukua mkoba wake. “Yatakaa. Nikuletee saa ngapi?”

“Kabla ya saa saba. Mwenye gari la mizigo nimeshaongea naye.” Akageuka kwetu. Alisimama kama anavyosimama akimkabidhi mteja saa iliyokuwa imekufa, bila mbwembwe, maneno machache, akitazama kitu chenyewe. “Nimeamua. Mama mkwe akikubali, leo anahamia hapa, chumba hiki cha mbele. Hakina ngazi, na choo ni hatua saba, nimehesabu. Kiti kitasukumwa na mimi. Kuosha vyombo na kufua ni mimi. Dada mdogo wa mke wangu ameahidi kuja asubuhi kwa yale ya kumwogesha mama. Mke wangu atakuwa chumba cha nyuma, amelala.”

“Na neno utakalomwambia?” nikauliza, maana mwalimu haachi swali bila jibu.

“Nitaangalia nikifika. Likija hongera, litajikuta limekuja na gari.”

“Na saa za watu?” akauliza Risiti.

“Nitatengenezea ukumbini, wagonjwa wakilala.”

“Vizuri sana,” akasema Motisha, ameshasahau aibu yake. “Hatua thabiti! Na sisi tutakuwa hapa hapa nje, kumtia mama moyo kila siku. Nitamwandalia vikao vidogo, asubuhi na...”

Dakika akavuta nusu moja ya dirisha, kisha nusu ya pili, akaweka komeo.

“Wagonjwa wawili wanataka kulala,” akasema. “Kijiwe kimefungwa wiki sita. Atakayekuja, aje na ndoo ya maji mkononi, aingie kwa mlango wa uani, aimimine kwenye pipa, aondoke. Salamu nitazipokea mimi.”